Mlima Ukiporomoka, Mwokozi ni Mwenzako

Msikilizaji, Machi 13, 2010, waendesha pikipiki za theluji wapatao 200 walikusanyika Boulder Mountain, karibu na Revelstoke, Kanada. Tahadhari ya maporomoko ya theluji ilikuwa imeshatolewa. Theluji ikaporomoka, wawili wakafa, wengi wakajeruhiwa.

Kwa nini tukio hili likuguse, hasa wewe uliyehamia Kanada? Kwa sababu aliyefukiwa na theluji mara nyingi huokolewa na wenzake. Ikipita robo saa, matumaini hufifia, na helikopta bado iko njiani. Kifaa cha mawimbi cha kuwaongoza wanaokutafuta kikae kifuani, koleo na fimbo ya kupekulia mgongoni, kamwe si kwenye pikipiki.

Wapo wanaotaka milima ifungwe kwa pikipiki za theluji. Kwa upande wa pili, miji midogo inawategemea wageni wanaokuja kuziendesha. Naona mafunzo yatangulie. Ila tahadhari ikipuuzwa, nani awazuie waendeshaji?