Somo: Majina ya Makanisa na Umoja wa Wakristu



Watu huuliza: Kristu ni mmoja, mbona sisi twaitwa Wakatoliki, wengine Wabatisti, na wengine Wametodisti? Je, tukiyatupa majina hayo na kuitwa Wakristu tu, hatutakuwa wamoja?

Swali hilo ni la zamani. Mtume Paulo aliwakaripia Wakristu wa Korinto kwa sababu ya mafarakano yao. Wengine walijiita watu wa Paulo, wengine wa Apolo, wengine wa Kefa, ndiye Petro. Tena wengine walijiita watu wa Kristu. Waangalieni hao wa mwisho. Jina lao lapita yote kwa wema, lakini Paulo aliwataja pamoja na wenzao. Maana hata jina la Kristu laweza kugeuzwa ua wa kuwafungia wengine nje.

Hapa kwetu, mwaka 1970, jumuiya nyingi za Kiprotestanti ziliungana katika kanisa ambalo leo laitwa Kanisa la Kristo katika Kongo. Ni tendo la kuheshimiwa. Hata hivyo kila jumuiya ina viongozi wake, na hutambulikana kwa namba yake: ya 3, ya 5, ya 8. Jina moja ni mwanzo wa safari, si mwisho wake.

Nasi tusijisifu. Neno «Katoliki» latoka katika Kigiriki, maana yake: ya watu wote. Basi Mkatoliki amdharauye jirani yake analikana jina lake mwenyewe.

Umoja una mizizi wapi? Katika Ubatizo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba wote wamwaminio Kristu na waliobatizwa sawasawa wana umoja na Eklezya Katolika, ingawa haujakamilika. Kwa hiyo Mprotestanti aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akijiunga nasi habatizwi mara ya pili.

Maulizo
Je, jina likiondolewa, mafarakano yaisha? — Hapana, yaisha mioyo ikimrudia Kristu katika ukweli na mapendo.

Tendo la kufanya
Kilio kikilia kwa jirani, usiulize kwanza yeye ni wa kanisa gani. Chukua jembe, ukasaidie kuchimba kaburi. Na tangu tarehe 18 hata 25 Januari, sali pamoja na Wakristu wote kuomba umoja.

Mungu awabariki.