MWITE JIKONI KABLA HAJAINGIA KWA KUIBA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu wapenzi, haya ni mazungumzo niliyoyatoa mwezi wa Shaaban, na nimeombwa niyaandike ili na wewe ambaye hukuwapo uyapate. Siku ile niliposema kwamba mada yangu ni vitamu ambavyo watoto wanaweza kusaidia kuvitengeneza nyumbani, vijana waliokaa nyuma walicheka. Mmoja akaniuliza, "Ati huko chuo kikuu wasomea kaimati?" Nikamwambia, ngoja nimalize, kisha ukitaka kucheka ucheke.

Tulipokuwa wadogo, nyumbani kwetu Mombasa, jikoni wakati wa Ramadhan palikuwa mahali pa marufuku. Baada ya swala ya alasiri mama huwa ana shughuli tele: mbaazi za nazi, mahamri, viazi, uji, na kaimati juu yake. Sisi watoto twafukuzwa. "Tokeni hapa! Nendeni mkacheze!" Twatoka, twazunguka nyuma ya nyumba, twachungulia dirishani. Siku moja dadangu mdogo, wakati huo ana miaka 6, alingoja mama ageuke, akaingia mbio akatia vidole ndani ya sufuria ya shira ambayo ndiyo kwanza imeepuliwa. Wallahi, kile kilio sijakisahau mpaka leo. Adhana ya magharibi ilitukuta hospitalini. Mama alifungua kwa maji, mtoto yuko mapajani.

Tuliporudi, dadangu amefungwa bendeji vidole vitatu, majirani wakaja kutupa pole. Wakasema, "Mwaona? Ndiyo maana watoto hawatakiwi jikoni." Nyanya yetu, Allah amrehemu, alikuwa amekaa anavuta tasbihi yake. Akanyanyua uso akasema, "Mtoto hakuungua kwa kuwa aliingia jikoni. Ameungua kwa kuwa aliingia kama mwizi. Lau angaliitwa, angalijua kuwa ile ni moto."

Ndugu msomaji, neno hilo ndilo mada yangu yote.

Siku ya pili yake nyanya akatandika mkeka uani, mbali na moto, akatuita sote, wasichana kwa wavulana. Dadangu, mwenye mkono mmoja mzima, akapewa kazi ya kupanga tende kwenye sinia. Mimi nikapewa mbuzi nikune nazi. Nikasema, "Nyanya, mimi ni mwanamume." Akanijibu, "Na huo mdomo ni wa nani, baba?" Nikakaa nikakuna.

Sasa nawauliza vijana wenzangu wa kiume: ni nani aliyetufundisha kwamba kazi ya nyumbani ni aibu? Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Bi. Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Huyo ndiye kiumbe bora. Basi wewe na mimi ni akina nani hata tukae kwenye kiti tungoje sahani?

Na kuhusu watoto pia tuna mafunzo. Ar-Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.), katika hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim, asimulia jinsi masahaba walivyowafungisha watoto wao siku ya Ashura. Walikuwa wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi, na mtoto akililia chakula hupewa kile cha kuchezea mpaka wakati wa kufuturu ufike. Tazama hekima hiyo. Mtoto mwenye njaa hakufukuzwa wala hakupigwa kelele, alishughulishwa. Mimi nasema, mtoto wa leo mwenye kutoa kokwa za tende saa kumi na moja jioni ameshughulishwa pia, na kazi yake inakuja mezani.

Haya, tuingie jikoni. Nitataja vitamu vitatu, kutoka kile kisichohitaji moto mpaka kile chenye moto mwingi.

Cha kwanza ni tende za kujaza. Chukua tende laini kama 20, nusu kikombe cha karanga za kukaanga zilizopondwa, na nazi kavu iliyosagwa. Mtoto wa miaka 4 au 5 apasue tende kwa vidole, atoe kokwa, ajaze karanga, aifunge, kisha aigaragaze ndani ya nazi. Hakuna kisu wala jiko. Mwambie ahesabu kokwa alizotoa: zikiwa 19 na tende ni 20, basi iko moja imebaki ndani, na jino la babu liko hatarini! Tahadhari moja: watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe karanga nzima, kwani zaweza kuwapalia. Zipondwe vizuri.

Cha pili ni kashata za nazi. Nazi moja kubwa iliyokunwa, yaani kama vikombe 2, sukari kikombe kimoja na nusu, maji nusu kikombe, iliki iliyopondwa na chumvi chembe. Mtoto wa miaka 7 na kuendelea anaweza kutwanga iliki na kupima sukari. Mkubwa kidogo anaweza kukuna nazi, ila umwoneshe jinsi ya kukaa juu ya mbuzi ili meno yake yasimkate. Sinia lipakwe mafuta mapema, hiyo nayo ni kazi ya mtoto. Mtu mzima ndiye wa kupika sukari na maji mpaka ivute nyuzi, atie nazi na iliki, akoroge mpaka ishikane, kisha amimine na kusawazisha. Kata ingali na joto, maana ikipoa itavunjikavunjika. Ikipoa kabisa, watoto ndio wa kupanga kwenye sahani.

Cha tatu ni kaimati zenyewe. Unga wa ngano vikombe 2, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja, tui zito vijiko viwili vikubwa, na maji ya vuguvugu kama kikombe kimoja na robo. Mpe mtoto achunge unga na aukoroge kwa mkono safi mpaka uwe mzito na laini. Ufunike kwa muda wa saa moja hivi. Hapa mtoto atakuuliza, "Mbona umefura?" Usimwambie "Nyamaza!" Mwambie hamira ni viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho, hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua unga. Ndiyo maana maji yakiwa moto sana hamira hufa na kaimati hutoka ngumu kama kokoto. Subhanallah, hilo ni somo zima la sayansi ndani ya bakuli. Kukaanga ni kazi ya mkubwa peke yake. Shira pia, sukari kikombe kimoja kwa maji nusu kikombe na iliki, ni ya mkubwa. Kaimati zikishatolewa mafutani na shira ikapoa ikawa ya vuguvugu, mpe mtoto mwiko azigeuze humo.

Na nani ataonja shira? Mama amefunga. Wanavyuoni wamesema aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi kukiwa na haja, bila kumeza. Lakini nyumbani kwetu nyanya alikuwa na njia nyepesi: mtoto ambaye hajabaleghe na hakufunga siku hiyo ndiye qadhi wa shira. Aonja, atoa hukumu, "Bado sukari," au "Sasa ni sawa." Usione ni jambo dogo. Mtoto huyo alikuwa akijiona duni kwa kuwa wenzake wamefunga, na sasa ana cheo.

Ndugu zangu, shira tusiifanyie mchezo. Sukari iliyochemka huwa na joto kupita maji ya moto, na hunata kwenye ngozi. Kwa hiyo weka mipaka. Kama jiko lako ni la makaa liko chini, tandika mkeka wa watoto mbali nalo, na uwaambie mstari huu hauvukwi. Mkono wa karai uelekee ndani. Shira ikiepuliwa iwekwe juu, si sakafuni. Na akiungua mtoto, la kwanza ni maji baridi ya mfereji yamwagike pale palipoungua kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, wala unga, wala siagi, wala yai. Likiwa jeraha kubwa au lina malengelenge, mpeleke hospitali. Sisi siku ile tulimpaka dawa ya meno, kwa kutojua.

Jambo jingine ni kiasi. Utamu wa Ramadhan usitugeuzie maradhi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu tuzipatazo kwenye chakula, na kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, chai yake ikiwemo. Kwa watoto iwe chini ya hapo. Basi siku ya kaimati isiwe siku ya kashata. Fungueni kwa tende na maji, swalini magharibi, kisha vitamu vije kidogo. Na nyumba yenye mzee wa kisukari, mtoto afundishwe kumwekea fungu lake lisilo shira. Huko ndiko kumfundisha huruma.

Nina jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa haya. Miaka yote ile ya kufukuzwa, sikuwahi kujiuliza mama alikuwa wapi dakika za mwisho kabla ya adhana. Wakati ambao dua ya aliyefunga yatarajiwa kukubaliwa, sisi tuko mkekani tumeinua mikono, mama alikuwa jikoni ameshika upawa, jasho lamtoka. Alifungua kwa kusimama. Mwaka ule tulioitwa mkekani na nyanya, kazi iliisha mapema. Nusu saa kabla ya magharibi mama alikuja akakaa pamoja nasi, akainua mikono. Nilimtazama nikaona midomo yake yatetemeka. Sijui aliomba nini. Najua tu kwamba kabla ya hapo tulikuwa tumemnyima nafasi hiyo kwa ajili ya kaimati.

Kwa hivyo kijana, jioni ya leo usingoje kuitwa. Ingia, kuna nazi, uwaite na wadogo zako. Kaimati za kwanza zikitoka, mpe mtoto sahani iliyofunikwa kawa apeleke kwa jirani, ajue kwamba kumfuturisha aliyefunga kuna ujira mkubwa. Na usiku wa kuamkia Idd, watoto wajaze tende zao. Anas (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akitoka kwenda kuswali Idd-ul-Fitr mpaka ale tende, na alikuwa akizila kwa idadi ya witri. Asubuhi hiyo baba ale tende 3 au 5 zilizojazwa na mtoto wake, na amwambie, "Ahsante, mwanangu."

Nyanya ametangulia mbele ya haki. Dadangu sasa ndiye mpikaji wa kaimati nyumbani, na alama ya shira iko bado kwenye kidole chake. Ana mkeka wake uani, na watoto wa mtaa mzima humjia. Hakuna anayechungulia dirishani.

Yule kijana aliyecheka alinifuata baada ya mazungumzo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hamira ulisema kijiko kimoja cha chai, sio?"

Allah atutakabalie funga zetu, awarehemu wazee wetu waliotufundisha, na awape mama zetu malipo mema. Amin.