Askari Aliyewatua Wenzake Silaha
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya mtu ambaye utumishi wake wafaa kuwa mfano kwa vijana wa chama hiki. Nimemchagua Luteni Jenerali mstaafu Daniel Opande. Simsifu kwa ajili ya cheo chake, maana cheo huvuliwa pamoja na sare. Namsifu kwa sababu sehemu kubwa ya uaskari wake haikuwa kumshinda adui, bali kuwashawishi wenye bunduki waziweke chini.

Mwaka 1989 alipelekwa Namibia, akiwa naibu wa kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kazi ile ilikwenda vema, na tarehe 21 Machi 1990 nchi ile ikapata uhuru. Mwaka 1993 akatumwa Liberia kuwa mkuu wa waangalizi wa kijeshi, na huko akaonja uchungu. Mwangalizi hachukui silaha; kazi yake ni kutazama kama mapatano yanashikwa. Septemba 1994 waangalizi 43 walikamatwa na wapiganaji, na baadhi yao wakapigwa. Jenerali alipoondoka mwaka 1995, vita vilikuwa havijakwisha.

Wengi wetu, mabwana, tungesema kwamba yametosha. Yeye, mwishoni mwa mwaka 2000, alikubali kuwa kamanda nchini Sierra Leone. Mwezi wa Mei mwaka ule ule walinda amani wapatao 500 walikuwa wametekwa na waasi, nao askari wa Kenya walikuwamo. Basi alipokea jeshi lililokwisha kuaibishwa. Jeshi hilo liliongezwa hata likafika askari 17,500, lakini wingi peke yake haukutosha. Ilibidi kuzungumza na waasi, na silaha zikakusanywa wilaya baada ya wilaya. Kufikia Januari 2002 wapiganaji zaidi ya 70,000, na watoto miongoni mwao, walikuwa wamesalimu silaha zao, na nyingine zikachomwa moto hadharani huko Lungi. Mei mwaka huo wananchi wakapiga kura kwa utulivu.

Mwaka 2003 akarudi Liberia, nchi ile ile aliyoiacha ikiwaka, safari hii akiwa kamanda. Sitawaficha kwamba mwanzo haukuwa mwema. Desemba ukusanyaji wa silaha ulianza kwa haraka. Wapiganaji wakaja wengi kuliko maandalizi, ghasia zikazuka Monrovia, na watu wakafa. Kazi ikasimamishwa, ikatengenezwa, ikaanza tena Aprili 2004. Kufikia mwisho wa mwaka ule zaidi ya watu 100,000 walikuwa wamepitia katika mpango huo. Mwenda kazi hujikwaa. Aibu ni kulala pale alipoangukia.

Sasa nafika nyumbani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi yetu ilishikwa na moto, na watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha. Jenerali alikuwa amekwisha staafu, naye angaliweza kufunga mlango wake. Badala yake aliketi pamoja na Bibi Dekha Ibrahim Abdi, Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na Bwana George Wachira, watu wasio wa kabila moja wala dini moja, wakaanzisha kundi la raia wa kutafuta amani. Kila asubuhi walifungua kikao Nairobi, na aliyetaka kuja alikuja. Mapatano ya wakubwa yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, lakini kabla ya siku hiyo raia hao hawakungoja kuambiwa.

Wazee wenzangu mnakumbuka hali yetu wenyewe wakati ule. Wanachama wawili waliokuwa wakichimba makaburi ya wafu wetu pamoja walipitana njiani bila salamu. Mmoja alikataa kutoa mchango wa maziko kwa sababu marehemu hakuwa wa kwao. Nami, nakiri mbele yenu, nilinyamaza. Tulikuwa na fedha katika sanduku, lakini hatukuwa na mtu wa kuwaketisha wawili hao mkekani.

Kwa hiyo natoa ombi. Miongoni mwetu wamo askari, walimu, wauguzi na wafanyakazi wa reli waliostaafu. Mkutano huu uchague watano kati yao, wanaume kwa wanawake, wa makabila mbalimbali, wawe baraza la usuluhishi, wasiolipwa, wa kwenda nyumba kwa nyumba ugomvi ungali mdogo. Moto huzimwa ukiwa cheche. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumemheshimu jenerali huyu kuliko kumpigia makofi.