Kupinda Njia Kwenda Sagalla

Masomo: Kutoka 3:1–6 na Mwanzo 33:12–14

Leo nataka tuzungumze juu ya safari, na hasa juu ya jambo moja ambalo kila msafiri hukutana nalo: kupinda njia.

Tuseme Wakristo kumi na wawili wa kanisa moja la Voi wamekusudia kufanya hija ya kutembea kwa miguu. Wanataka kwenda kwa njia ya wajumbe wa kwanza wa Injili, kutoka Voi kupita Mwatate, Bura na Maktau hata Taveta, mwendo wa kilomita zipatazo 110. Jumapili baada ya ibada wameketi chini ya mti kupanga safari yao. Ndugu mmoja asema, "Kabla hatujaelekea Taveta, mbona tusipande kwanza Sagalla tukalione kanisa la huko?" Mama mmoja amjibu, "Ndugu yangu, Sagalla iko kusini, na sisi twaenda magharibi. Tutamaliza siku nzima mlimani, na magoti yetu yatachoka kabla safari yenyewe haijaanza."

Nani kati yao asema kweli? Wapendwa, wote wawili wasema kweli. Basi tumwombe Mungu atufundishe jinsi ya kuyaweka maneno yao pamoja.

Kwanza tumtazame Musa. Alikuwa kazini siku ile, akichunga kondoo za mkwewe. Hakutoka nyumbani ili kumtafuta Mungu. Alikuwa akitafuta majani ya mifugo. Akaona kijiti kinawaka moto wala hakiteketei. Angaliweza kusema, "Mimi nina kundi la watu, sina nafasi," akapita. Lakini aliamua kugeuka kando ili aone. Maandiko yatuambia kwamba Bwana alipoona amegeuka, ndipo alipomwita kwa jina lake. Sauti ilikuja baada ya Musa kuiacha njia yake kwa hatua chache.

Sasa na tuulize, huko Sagalla kuna nini hata mtu aache njia yake?

Mnajua kwamba Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakafungua misioni Rabai. Mwezi wa Oktoba mwaka 1847 Rebmann alifika Kasigau, mlima ule ambao katika vitabu vya zamani huitwa Kadiaro. Mwaka uliofuata akapita tena katika nchi ya Taita, akiongozwa na Mwislamu mmoja mwenye kuzijua njia, jina lake Bwana Kheri. Wakapita Bura, na tarehe 11 Mei 1848 Rebmann akaiona theluji ya Kilimanjaro. Lakini Rebmann alikuwa mpitaji. Mbegu iliangushwa, wala hapakuwa na mtu wa kukaa na kuipalilia.

Ikapita miaka thelathini na mitano. Mwaka 1883 mmisionari wa CMS, jina lake Joseph Alfred Wray, akaja kukaa Sagalla. Alitoka pwani kwa miguu, akaivuka nyika ya Taru, ambayo hata leo wasafiri huijua kwa ukavu wake. Kwa nini hakukaa hapa chini Voi, penye tambarare? Kwa sababu watu hawakuwa chini. Wakati ule watu walikaa milimani, penye mvua, chemchemi na usalama, na nyika ya chini ilikuwa ya wanyama na misafara. Mtu aliyetaka kuwaletea watu Injili ilimpasa apande kwa miguu mpaka mlangoni kwao.

Angalieni basi jambo hili. Leo twasema Sagalla iko pembeni. Mwaka 1883 haikuwa pembeni hata kidogo. Iliyobadilika ni barabara. Wajenzi wa reli walipofika, waliiweka chini tambarare, na mwaka 1898 ilikuwa imekwisha kupita Voi na kufika Tsavo. Mji ukakua karibu na stesheni. Maduka yakaja, ofisi zikaja, na vijana wakashuka kutafuta kazi. Kanisa la mlimani halikusogea hata hatua moja. Sisi ndio tulioondoka, tukasema kwamba liko mbali.

Wala kazi ya Sagalla haikuwa rahisi. Mwaka mmoja tu baada ya Wray kufika, ilikuja njaa kuu ya mwaka 1884. Mvua ilikosekana, watu wakafa na wengine wakatawanyika. Wray mwenyewe akashuka pwani pamoja na baadhi ya watu wa Sagalla ili wapate chakula karibu na Rabai. Mtu aliyeitazama kazi ile siku hizo angalisema imekufa. Lakini Wray alirudi. Alijifunza lugha ya watu, na mwaka 1894 kitabu chake kidogo cha kufundisha lugha hiyo kikapigwa chapa. Kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1913, zahesabu miaka thelathini, tangu 1882 hata 1912. Katika miaka ya 1890 CMS walifungua misioni Taveta pia, na baadaye Wusi juu katika milima ya Dawida. Katika miaka ya 1960 Mtaita, Peter Mwang'ombe, akawa askofu wa Mombasa, na mwaka 1993 Taita Taveta ikapata dayosisi yake yenyewe. Mti huo mkubwa ulianza kama mche uliokaribia kukauka kwa jua la mwaka 1884.

Basi ndugu yule aliyesema "tupande Sagalla" ana haki. Anataka wenzake wamwone mama aliyewazaa.

Lakini tusimdharau yule mama mwenye magoti. Naye ana Maandiko upande wake. Yakobo aliporudi katika nchi yake, Esau alitaka waende pamoja kwa mwendo wa haraka. Yakobo akakataa kwa upole. Alimwambia kwamba watoto ni wachanga, na mifugo inanyonyesha. Wakikimbizwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Akachagua kwenda taratibu, kwa mwendo wa walio dhaifu. Ikiwa kupinda njia kutawaacha wazee wetu barabarani wakilia, hiyo si hija tena. Hayo ni mashindano ya vijana.

Kwa hiyo, wapendwa, ni lazima kupanga. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba mtu akitaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Kupanga si kukosa imani.

Wahesabu siku. Sagalla ipewe siku yake kamili, na asubuhi ya kesho yake wapumzike. Wasiibane katikati ya safari nyingine kama mzigo uliosahauliwa.

Wahesabu watu. Nani atapanda kwa miguu, na nani atapelekwa kwa gari? Yule anayepelekwa kwa gari ni msafiri sawasawa na wengine. Afike mapema, akae na akina mama wa huko, na wanaotembea wamkute akiwangoja.

Wahesabu hatari. Nchi yetu imezungukwa na mbuga za Tsavo, zilizowekwa mwaka 1948, na ndovu hawajui mipaka. Wakulima walio chini ya mlima Sagalla wamefikia kutundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba yao ili kuwazuia ndovu wasile mahindi. Basi msitembee kabla ya mapambazuko wala baada ya jua kuchwa, na mwende na mwenyeji anayezijua njia, kama Rebmann alivyomhitaji Bwana Kheri. Na mkiendelea magharibi, kumbukeni kwamba baada ya Maktau barabara yapita ndani ya mbuga ya Tsavo West. Hapo si mahali pa kutembea kwa miguu, pandeni gari.

Tena wawahesabu wenyeji. Hili ndilo husahauliwa zaidi. Watu kumi na wawili wakifika bila habari, mwenyeji wa Kiafrika hawezi kuwaacha na njaa. Atachinja kuku aliyekuwa ada ya shule ya mtoto. Atateka maji ya siku mbili ili mnawe miguu. Nanyi mtashuka mkisema, "Tumebarikiwa sana," kumbe mmeacha nyumba tupu. Basi pelekeni habari majuma mawili mbele. Chukueni unga wenu, maharagwe, sukari na majani ya chai, na vizidi mahitaji yenu. Ulizeni mapema kama kuna jambo kanisani linalohitaji mikono, iwe ni paa, ua au kufyeka majani makaburini. Kisha mkae kwenye ibada yao, msikilize mahubiri yao, wala msiwe watu wa kupiga picha mlangoni na kuondoka.

Labda msikilizaji mmoja auliza, "Je, sisi Waprotestanti twaamini kwamba mawe ya kanisa la kale yana nguvu?" Hapana. Bwana alimwambia mwanamke Msamaria kwamba saa yaja ambapo kuabudu hakutafungwa katika mlima huu wala katika Yerusalemu. Hakuna dhambi inayoondolewa kwa kupanda Sagalla. Damu ya Yesu yatosha, na yatosha hapa Voi kama inavyotosha mlimani. Hatuendi kuongeza kitu juu ya wokovu wetu. Twaenda kushukuru, na twaenda kuwaona ndugu.

Maana huko juu kuna mzee wa kanisa ambaye watoto wake wote wako Mombasa na Nairobi. Jumapili anapiga kengele, na anaowaita ni akina mama wazee na watoto wadogo. Anajiuliza moyoni kama kuna mtu chini huko anayekumbuka. Siku atakapowaona watu kumi na wawili wakipanda kilima, wakiimba, na mifuko ya unga vichwani, atajua kwamba hawakumsahau.

Nanyi msioweza kutembea, nanyi mna Sagalla yenu. Ni yule mwinjilisti mstaafu aliyekufundisha katekisimu, ambaye nyumba yake iko mwisho wa kijia, mahali matatu haziendi. Ni shangazi aliyekulea ulipokuwa yatima. Kila mwezi wapita karibu ukienda shughuli zako, na kila mara wasema, "Siku nyingine." Usingoje mpaka uitwe kwenda kumzika. Fungua kalenda yako leo, uchague siku, upeleke habari, ununue kilo mbili za unga, uende.

Basi wale kumi na wawili wafanye nini? Nawashauri waende Sagalla, lakini kwa mwendo wa yule mama. Wakimsikiliza yeye katika kupanga, wote watafika.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyewaita watumishi wako kupanda milima hii kwa miguu na kukaa hata wakati wa njaa, twakushukuru. Utusamehe kwa kuwasahau waliotuzaa katika imani. Utupe macho ya kuona penye moto wako, na moyo wa kugeuka kando. Uwalinde wote walio njiani leo. Ukumbuke kila kanisa dogo lililo mbali na barabara, na kila mzee anayepiga kengele peke yake. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.