Mkebe wa Samaki si Aibu

(Mazungumzo kwa vijana na wazazi baada ya swala ya alasiri)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu mlio pamoja nasi, leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachopatikana karibu kila duka la mtaani, pale kwenye rafu ya majani ya chai na viberiti: mkebe wa sadini. Huenda mtu akasema moyoni, "Ramadhan yote hii, hakuna la kuzungumzwa ila samaki wa mkebe?" Subirini kidogo. Ndani ya mkebe huo mna somo la afya, somo la pesa, na somo la heshima ya mtu asiye na kitu.

MEZA IMEJAA, MWILI UNA NJAA

Hebu tuziangalie futari zetu. Kaimati, sambusa, bajia, viazi vya karai, mahamri, tambi za sukari, na jagi la sharubati. Vyote vitamu, alhamdulillah. Lakini vingi ni unga, sukari na mafuta. Mtu anakula mpaka anashindwa kuinama kwenye tarawehe, na kabla ya kulala njaa imerudi. Ikifika daku, ni chai na mkate mkavu, au haamki kabisa.

Sisi hapa Kenya tuko kwenye ikweta. Saumu yetu ni takriban saa 13 na nusu, Ramadhan iangukie mwezi wowote. Kijana aliyekula chai na mkate anakwenda shule, anakwenda mjengo, anabeba magunia sokoni. Adhuhuri haijaadhiniwa keshalegea, na lawama anaitupia saumu. Saumu haina kosa, ndugu yangu. Kosa liko kwenye sahani.

Mwili unataka protini, nayo ndiyo inayokaa tumboni muda mrefu. Lakini nyama kila siku si ya kila mfuko. Samaki wabichi nao wana msimu wao: kusi likivuma, kuanzia Aprili mpaka Septemba, bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki, na bei hupanda. Mwanafunzi wa hosteli hana jokofu, pengine hata jiko hana. Hapo ndipo mkebe unapofaa.

KILICHOMO NDANI

Mkebe mdogo wa kawaida ni gramu 125. Ukimwaga mafuta, samaki wanaobaki ni kama gramu 90, na ndani yake mna protini ya takriban gramu 20. Yai moja lina kama gramu 6. Yaani mkebe mmoja ni sawa na mayai matatu na zaidi kidogo.

Tena kuna ile miba ambayo wengi wetu tunaitoa na kuitupa. Msiitupe! Samaki hawa hupikwa ndani ya mkebe uliokwisha kufungwa, kwa joto kali linalozidi lile la maji yanayochemka. Joto hilo huua vijidudu, na pia hulainisha miba mpaka ikawa inatafunika kama njugu. Humo ndimo iliko kalsiamu. Mkebe mmoja ukiliwa na miba yake hukupa kalsiamu inayokaribia ile ya glasi nzima ya maziwa. Juu ya hayo kuna vitamini D, vitamini B12, na mafuta ya omega-3 yanayofaa moyo na ubongo. Na kwa kuwa sadini ni samaki mdogo, anayekula vijidudu vya baharini, zebaki iliyomo mwilini mwake ni kidogo mno kuliko ya papa au nduaro.

Ujuzi huu wa kuhifadhi chakula kwa moto ulitangazwa na Mfaransa Nicolas Appert mwaka 1810, akitumia chupa. Mikebe ya bati ikafuata. Leo nchi inayoongoza duniani kwa kuuza sadini wa mkebe nje ni nchi ya Waislamu wenzetu, Moroko.

MASAHABA NA SAMAKI WA PWANI

Sasa twende kwenye dini yetu. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Maida aya ya 96, imetuhalalishia mavuvi ya baharini na chakula chake, kiwe manufaa yetu na ya wasafiri. Samaki hahitaji kuchinjwa. Wewe angalia tu maandishi ya mkebe, usije ukakuta mchuzi uliotiwa mvinyo, basi.

Na kuna kisa alichokisimulia Jabir bin Abdillahi (R.A.), kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alilituma jeshi la watu 300 kuelekea pwani, kiongozi wao Abu Ubayda bin al-Jarrah (R.A.). Chakula kikawaishia, mpaka kila mtu akawa anapata tende moja kwa siku. Wakala majani ya miti. Kisha Allah akawatolea samaki mkubwa sana ufuoni, wakala siku nyingi mpaka miili yao ikarudi. Waliporudi Madina walikuwa wamebeba vipande vya nyama yake, vilivyohifadhiwa kwa safari. Mtume (S.A.W.) akawaambia kuwa hiyo ni riziki Allah aliyowatolea, akawauliza kama wanayo akiba yake. Wakampa, naye akala.

Tafakarini, ndugu zangu. Samaki wa akiba, aliyeokotwa ufuoni na watu wenye njaa, na mbora wa viumbe anaomba apewe naye. Sisi ni nani hata tuone haya? Ziko nyumba ambazo mgeni akibisha hodi, mkebe unasukumwa chini ya meza. Wako vijana wanaomcheka mwenzao kwa sababu daku yake ni mkate na sadini. Na wako wazazi wanaokopa dukani mwezi mzima ili futari yao ifanane na ya jirani, halafu Idi inawakuta na deni. Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa akikitia ila chakula: akikipenda anakula, asipokipenda anakiacha.

NAMNA YA KULA, NA TAHADHARI

Sisemi mkebe ndio chakula rahisi kuliko vyote. Omena na dagaa waliokaushwa, maharagwe na ndengu, mara nyingi ni rahisi zaidi, na vina kheri nyingi. Piga hesabu dukani kwako. Ninalosema ni kwamba mkebe hauhitaji moto, hauhitaji jokofu, na hauhitaji muda.

Mimina mafuta, ponda samaki kwa uma pamoja na miba, tia kitunguu na nyanya zilizokatwa, kamua ndimu, nyunyiza dania na pilipili. Weka ndani ya bofulo au chapati. Dakika 5, daku tayari. Ukichanganya na viazi vilivyopondwa unapata katlesi, na mkebe mmoja ukawatosha watu wanne kwenye futari.

Lakini mchukue tahadhari. Samaki hawa wana chumvi, na chumvi huleta kiu. Wakati wa daku mwaga ule mchuzi, kula na tango au nyanya, na unywe maji ya kutosha. Mwenye presha, ugonjwa wa figo au jongo amuulize daktari wake kwanza. Usinunue mkebe uliofura, unaovuja, wenye kutu nyingi au uliobonyea kwenye maungio, hata ukipunguziwa bei. Tazama tarehe. Na ukishafungua, ule upesi. Kinachobaki kiingie kwenye bakuli na jokofuni. Kama huna jokofu, mwite jirani mle pamoja, upate na thawabu.

MKEBE KATIKA SADAKA

La mwisho ni ombi kwa vijana wa jumuiya. Kila Ramadhan tunakusanya vifurushi vya kuwapelekea mayatima, wajane na wazee. Ndani huwa mna mchele, unga, sukari, mafuta na tende. Jazakumullahu kheir. Lakini yule mjane atapika wali, na mboga ataitoa wapi? Tutie mikebe miwili mitatu katika kila kifurushi. Haiozi njiani, na mtoto wake atapata kitu cha kujenga mwili. Hii ni sadaka. Zakatul Fitri ina hukumu zake, nayo tuitoe kwa chakula kikuu cha mji kama tulivyofundishwa.

Na tukitia, tutie ule ambao sisi wenyewe tungeula. Tusimpelekee maskini mkebe tulioukataa dukani.

Allah atutakabalie saumu zetu, azibariki riziki zetu ndogo na kubwa, na atuepushe na israfu na kujionyesha. Amin.

Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.