Ushuru Umefutwa, Sumukuvu Je?



Mkulima wa Bugwema anapotaka kuuza mahindi nje ya nchi, soko la karibu ni Kenya, kwa njia ya Sirari. Yafaa basi tujiulize ushuru wa forodha unamtendea nini.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005. Mahindi ya nchi za nje zisizo na mapatano ya pekee yalipangiwa ushuru wa asilimia 50, na mchele asilimia 75. Mahindi yetu huingia Kenya bila ushuru huo. Hiyo ni nafuu kubwa.

Hata hivyo, Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Sababu iliyotolewa ilikuwa sumukuvu, yaani sumu ya kuvu waotao katika nafaka isiyokauka vema. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachothibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja.

Fundisho ni wazi. Kufuta ushuru ni kazi ya serikali. Kuanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo, na kuyahifadhi pakavu, ni kazi ya kila kaya. Tuwafundishe wakulima na wanafunzi wetu hivyo, wala si kwa ajili ya soko tu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yanayokataliwa mpakani hurudi kuliwa nyumbani.