Barua ya Ushuru Ikifika, Anza Kuhesabu Siku

Hotuba ya wakili wa masuala ya ushuru kwa wafanyabiashara wa soko

Nitasema kwa ufupi, maana najua wengine mmeacha maduka mikononi mwa watoto.

Kazi yangu ni kuwatetea watu wenye mzozo na KRA. Wengi hudhani siku nzima niko mahakamani. La, mara nyingi niko mezani nikipanga risiti, na swali la kwanza kwa mteja huwa ni hili: barua hii uliipata lini?

Alinijia mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alidaiwa ushuru ambao hata angeuza duka zima asingeumaliza. Pesa zote zilizoingia kwenye akaunti yake ya benki zilikuwa zimehesabiwa kuwa mauzo. Kumbe yeye ni mweka hazina wa chama, na michango ya wenzake ilipitia akaunti hiyo hiyo! Hoja alikuwa nayo. Shida ni kwamba makadirio yalitumwa kwa barua pepe, na anwani iliyosajiliwa kwenye iTax ilikuwa ya kijana wa saiba aliyemsaidia kupata PIN. Alipokuja kujua, muda ulikuwa umepita.

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inakupa siku 30 tangu ujulishwe uamuzi, uwasilishe pingamizi kwa maandishi. Kusema tu "nimeonewa" hakutoshi. Eleza sababu zako waziwazi, onyesha ni nini kirekebishwe, ambatanisha stakabadhi, na ile sehemu ya ushuru usiyoipinga uilipe au uombe muda wa kuilipa. Hapo ndipo wengi hukwama: wanapinga kila kitu, hata wanachojua wanadaiwa.

Ukichelewa kwa sababu ya ugonjwa, safari ya nje ya nchi au sababu nyingine ya maana, unaweza kuomba kuongezewa muda. Lakini hilo ni ombi, na linaweza kukataliwa. Sisi tuliomba, tukakubaliwa.

Sasa, mzigo wa kuthibitisha ni wa mlipa ushuru. Kilichomwokoa mama yule ni daftari la chama, lenye majina, tarehe na sahihi. Michango ikaondolewa kwenye hesabu. Ushuru wa mauzo yake halisi alilipa, na kusema kweli sehemu yake alikuwa hajailipa.

Pingamizi likikataliwa, una siku nyingine 30 za kwenda kwa Jopo la Rufaa za Ushuru. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili, ingawa mimi ndiye ninayekosa chakula. Usiporidhika hapo, kuna Mahakama Kuu, vilevile ndani ya siku 30. Mnaweza pia kuketi na KRA mkaelewana nje ya jopo. Mambo ya leseni za biashara na kodi ya ardhi ya kaunti hayapitii njia hii. Hayo yapelekeni kwa ofisi ya mapato ya kaunti.

Leo jioni, ingia iTax uangalie barua pepe iliyoandikwa pale ni ya nani. Ikiwa si yako, ibadilishe. Mwenye barua mkononi, nitakuwa pale nyuma hadi saa kumi. Njoo nayo pamoja na bahasha yake.